Nahodha na Bi Buluu, Alkhamisi Alasiri

Enzi zetu, sisi tuliokulia Maskati kwa Kiswahili cha nyumbani na Kiarabu cha shule, televisheni ilikuwa moja kwa nyumba nzima na rimoti ilikuwa na mwenyewe. Kwetu Qurum mwenyewe alikuwa Bibi, mama yake Baba. Aliiweka mapajani juu ya kanga, pamoja na tasbihi na kikopo cha peremende za mnanaa, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono. Baba, mtu mzima mwenye cheo wizarani, akitaka taarifa ya habari aliomba ruhusa kama sisi. Vijana wa leo nikiwahadithia wananitazama kama nimetoka pangoni. Kila mmoja ana kioo chake mfukoni, anatazama anachotaka, tena kwa kuharakisha, na muziki wa mwanzo anauruka. Sisi muziki wa mwanzo ndio uliotushusha kutoka juu ya paa.

Juu ya paa kulikuwa na tangi la maji, na tangi ndilo lilikuwa chombo chetu cha angani. Zege lilikuwa linachoma mpaka ukipoteza ndara moja unabaki unarukaruka kwa mguu mmoja. Kaka yangu Hilal aliendesha kwa usukani wa gari bovu la Baba. Dada yangu Salma alikuwa binti mfalme wa sayari yoyote tuliyoifikia, na kazi yake ilikuwa kutekwa na kusubiri. Mimi, kitinda mimba, nilikuwa daktari wa chombo, na dele la kahawa lililovunjika mkono ndiyo redio yangu ya kuzungumza na dunia. Tulikuwa tunakula mkate wa chapati uliokunjwa na jibini na chipsi za pilipili, vidole vyekundu, tukitangaza vita na sayari ya nyumba ya jirani. Mama alitupigia kelele kutoka chini, "Shukeni, mtapata homa ya jua nyie." Hatukushuka mpaka tusikie ule muziki.

Mchezo wenyewe wa televisheni tuliuita Safina. Ulikuwa na jina lake refu la Kiingereza, lakini nyumbani hakuna aliyejisumbua nalo. Ulikuja baada ya Baba kufunga dishi pale pale karibu na tangi, na dishi likatuletea chaneli zisizo idadi, pamoja na wasiwasi wa Shangazi Shemsa.

Lazima niwajulishe Shangazi Shemsa, maana naamini kila nyumba ya watu wetu ilikuwa na wake. Alikuwa dada yake Baba, mjane, na alijiteua mwenyewe kuwa mlinzi wa televisheni. Alikaa chini, mbele kabisa, kanga ya pili imekunjwa magotini. Mwanamume na mwanamke wakisogeleana tu kwenye kioo, Shangazi ameshasimama, kanga ameitandaza kwa mikono miwili mbele ya televisheni, na sisi tunabaki kutazama mikorosho na jina la kanga. Alikuwa hangoji kuona. Alijua kwa fidla: zikianza kulia polepole, ameinuka. Kisha alichungulia yeye mwenyewe kwa juu kuhakikisha kama khatari imepita, na kuhakikisha huko kulichukua muda. Siku moja aliziba tangazo zima la sabuni ya kufulia kwa sababu mume alinusa shati mbele ya mkewe.

Basi nambieni, katika ulinzi kama huo, Safina ilipitaje?

Ilipita hivi. Nahodha wa chombo alikuwa mwanamke wa rangi ya kahawia, nywele fupi, kovu shavuni, anaamrisha mabaharia wa nyota utadhani anawafukuza kuku. Daktari wake alikuwa mwanamke pia, kutoka sayari ya barafu, ngozi yake buluu kama maji ya bwawa la kuogelea, na nyumbani tukamwita Bi Buluu. Watu wa kwao hawastahamili joto. Mkono wa binadamu ukimgusa unamuunguza. Kwa hiyo aliishi ndani ya chumba cha kioo chenye baridi, na Nahodha kila akimaliza vita alikwenda kukaa nje ya kioo, wakazungumza. Bibi alimuelewa mara moja. "Maskini," alisema, "angekuja kwetu Maskati mwezi wa sita angeyayuka huyu." Akaagiza kiyoyozi kiongezwe, kana kwamba kitamsaidia.

Bibi hakujua Kiingereza, na maandishi ya Kiarabu yaliyokuwa yakipita chini ya kioo yalimshinda kwa kasi yake. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati mtu mzima na watoto wake, na Kiswahili chake alikilinda kuliko dhahabu yake. Kwa hiyo palihitajika mfasiri, na mfasiri nilikuwa mimi, kwa sababu ripoti yangu ya Kiingereza shuleni ilikuwa nzuri. Nilikaa miguuni pake na kusema kila neno. Maandishi ya Kiarabu yalikuwa na adabu kupita kiasi, kila penye mapenzi yameandika urafiki, lakini mimi nilifuata midomo.

Wiki ya kwanza Nahodha aliweka kiganja juu ya kioo akasema maneno, nami nikayasema kama yalivyo: "Nakupenda. Silali mpaka nisikie sauti yako." Nilimtazama Shangazi. Shangazi aliweka kanga chini, akachukua bajia. Wanawake wawili wanazungumza, tena wametengwa kwa kioo, yeye alinde nini? Nyumba yetu ilikuwa imejaa wanawake walioitana roho yangu na kipenzi changu kutwa nzima, wakasukana, wakalala godoro moja, wakaliliana mapajani. Bi Asya, jirani yetu aliyekuwa hakosi Alkhamisi hata moja, alijifuta macho. "Vile vile mie na somo yangu, Mungu amrehemu," alisema. Fidla zikalia wee, na hakuna aliyeinuka.

Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na mitatu. Darasani mbele yangu alikaa msichana anayeitwa Samiya, ambaye msuko wake ulinukia mafuta ya nazi na yasmini, na kila akigeuka kuniazima kifutio sauti yangu ilikuwa inakwenda zake. Nilimwambia Mama nna maradhi ya kifua. Mama akanipaka mafuta ya karafuu wiki nzima, nikaenda shule nikinuka kama magunia ya bandarini, na maradhi yakazidi. Sasa pale, miguuni kwa Bibi, nikauona uso wa Nahodha nyuma ya kioo na nikayajua maradhi yangu. Siwezi kueleza furaha ile. Nilipanda juu ya paa peke yangu nikalizunguka tangi mbio mpaka nikapata kizunguzungu, nikicheka. Hata angani kuna mtu kama mimi, na ana chombo, na ana bunduki za moto.

Baada ya furaha ikaja khofu. Nilijua siku Shangazi akizindukana, kanga itainuka na Safina itazimwa, na pengine macho yote yatageuka kwangu mimi ninayefasiri kwa moyo namna ile. Nisingekuwa na mahala pengine pa kujiona. Basi kila Alkhamisi, na enzi hizo Alkhamisi na Ijumaa ndizo zilizokuwa siku zetu za mapumziko, nilikaa chini, jicho moja kwenye kanga ya Shangazi, huku mdomo ukisema mpenzi wangu, mpenzi wangu, mbele ya wanawake wanaokula katlesi.

Na walivyokuwa wanajishughulisha nayo. Bibi alikuwa hamtaki Nahodha alegee. "Huyu mshindo tu," alisema. "Kupiga watu anajua, maneno hana. Ampelekee kitu yule mtoto."

"Ampelekee nini, Mama?" akauliza Shangazi.

"Halwa. Udi. Kitu cha kumwambia nnakukumbuka."

"Halwa itaganda kwenye baridi ile," akasema Bi Asya, na wakabishana juu ya zawadi inayofaa kwa mtu wa barafu mpaka chai ikapoa. Wiki iliyofuata Nahodha akampelekea Bi Buluu ua alilochuma kwenye sayari iliyokufa. Bibi alimtazama kila mmoja wetu kwa zamu. "Si mmeona? Amesikia."

Majira ya joto yalipita salama. Kisha jua likaanza kuzama mapema, na magharibi ikaanza kutukatia Safina. Mwanzo ilikata dakika za mwisho tu, baadaye robo nzima. Adhana ikitoka, Bibi alikuwa anazima hata kama Nahodha ananing'inia kwenye shimo la nyota kwa kidole kimoja. Tulimwacha pale pale akining'inia wiki nzima. Watoto wa siku hizi wanaomaliza mchezo mzima kwa usiku mmoja hawatajua utamu wa kwenda shule Jumamosi huku mtu wako ananing'inia.

Ndipo akaja Ami Nassor, mdogo wake Baba. Alikuwa anasomesha chuo kikuu, Al Khoudh, na amesoma Ulaya, na Alkhamisi moja alipitia kumwamkia mama yake, akakaa na sisi. Alitazama kwa utulivu, mguu juu ya mguu. Nahodha akaegemeza paji la uso kwenye kioo, na Bi Buluu kwa ndani akaegemeza lake. Ami akashusha kikombe.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Hawa wawili si marafiki hawa."

Shangazi aligeuza kichwa kumtazama Ami, kisha akageuza kuelekea kwenye kioo. Niliona mwisho wa dunia.

"Nassor," akasema Bibi, "gari unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Basi nenda Qurayyat ukaniletee nguru."

"Sasa hivi? Mama, samaki si yuko hapa Matrah?"

"Wa Matrah nnamjua. Nnataka wa Qurayyat."

Mama akisema, mtoto amesema labeka, hata awe na shahada tatu. Ami aliondoka na kanzu yake iliyonyooka, akaenda kwa ile njia ya zamani ya kona kona milimani, akarudi baada ya isha gari linanuka shombo. Alkhamisi iliyofuata alikuja tena, na kabla hajakaa Bibi akamuuliza kama nguru wa Qurayyat bado wapo. Tulikula nguru wa kupaka, nguru wa kukaanga, nguru wa mchuzi, mpaka paka wa mtaa wakaanza kutupita. Mara ya tatu Ami akahamishia ziara zake siku ya Ijumaa. Mimi wakati ule nilidhani Bibi ana hamu ya nguru.

Halafu wakatangaza kuwa Alkhamisi inayokuja ni ya mwisho. Watu wa Bi Buluu wamekuja kumchukua wamrudishe kwenye barafu yao, na Nahodha hana la kufanya. Nyumba yetu ilipata msiba kabla ya msiba. Na ilikuwa kipupwe, magharibi inaingia mapema kuliko wakati wote wa mwaka, kwa hiyo tulijua kabisa adhana itatukata katikati. Bibi akatoa amri ambayo hakuwahi kuitoa hata kwa khutba ya Idi: Hilal atie kanda kwenye deki, mchezo urekodiwe.

Tulitazama nusu ya kwanza, adhana ikatoka, tukaswali. Sisi watoto tulimaliza tukabaki kutikisa magoti. Bibi aliswali faradhi, akaswali sunna, akavuta tasbihi moja moja kama hana mahali pa kwenda, na akainua mikono kwa dua ndefu ambayo nina hakika Bi Buluu alikuwemo ndani yake. Kisha akakaa kitini pake, akasema, "Haya. Wekeni."

Mabaharia wote wa chombo walionekana wamejifunika mablanketi, pumzi zinatoka moshi. Nahodha alikuwa amezima joto la chombo kizima. Alikitia baridi kutoka mwanzo hadi mwisho ili Bi Buluu aweze kutoka ndani ya kioo na kutembea popote. Na yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameitumbukiza kwenye barafu mpaka imebadilika rangi, ili asije akamuunguza. "Leo kasema," akanong'ona Bibi. Bi Asya alikuwa ameshikilia kitumbua bila kukila. Mlango wa kioo ukafunguka. Bi Buluu akatoka. Mimi nilikuwa sina la kufasiri, kwa sababu hakuna aliyekuwa anasema kitu.

Fidla zikaanza.

Mwili wa Shangazi ulizijua fidla zile kabla ya akili yake. Akainuka, kanga mikononi, akaitandaza. Kisha akasimama pale, mikono imenyooka, na nikamwona anafikiri, anarudi nyuma wiki baada ya wiki, kioo baada ya kioo, ua, paji la uso. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika safarini akakumbuka ameacha jiko linawaka. Mimi nilitamani zulia linimeze.

"Shemsa," akasema Bibi, "kaa kitako. Unatuziba."

"Mama, lakini hawa..."

"Nnaona. Macho nimefanyiwa operesheni juzi tu, nnaona vizuri kuliko nyote. Hawa watu wamehangaika mwaka mzima. Kaa."

Shangazi alikaa. Kanga ilishuka, na sijui nani aliongoza mchezo ule lakini Mungu amjaze kheri, maana walikuwa bado hawajamaliza. Buluu na kahawia, pumzi zinatoka moshi, na wale mabaharia wanatetemeka kwa furaha na kwa baridi. Bi Asya akapiga kigelegele. Kilimtoka kwa mazoea, kirefu, cha harusini, na alipokisikia alijiziba mdomo kwa kitumbua. Salma akaangua kicheko, Mama akamfuata, na Shangazi Shemsa, ambaye kanga ilikuwa bado mkononi, alijifunika nayo uso mwenyewe akalia kuliko sisi sote. Bibi alinyoosha mkono akaniwekea juu ya kichwa na hakuuondoa mpaka majina yalipomaliza kupita. Hajawahi mtu kuwa na furaha kuliko mimi jioni ile.

Kanda haikukaa hata mwezi. Hilal alirekodi juu yake mechi ya mpira, na sikumsemesha mpaka Idi.

Leo naishi Al Khoudh, nasomesha kama Ami wangu, na mwisho wa wiki huja Maha, binti wa Salma, mwenye miaka kumi na sita na simu isiyotoka mkononi. Anajua michezo ya angani yote. Ipo ya manahodha wanaume waliooana, ya roboti linalompenda mshonaji, ya viumbe wasiokuwa wanaume wala wanawake na wenye wivu wa kutisha. Ana jina kwa kila namna ya mapenzi, na kila jina lina rangi zake, na hugombana na watu asiowajua wa nchi za mbali juu ya nani amuoe nani katika sayari ya mwaka elfu ngapi. "Mamdogo, nawaonea huruma," aliniambia majuzi. "Enzi zenu hamkuwa na uwakilishi." Nilicheka mpaka nikatoa machozi, naye akaudhika kidogo.

Nisiwe mnafiki. Nazitazama zote. Narudi kazini, navua abaya, naweka ndizi za kukaanga kwenye sahani, na ninafurahi peke yangu kama punguani kila wawili wanapofikiana. Nilichokuwa nakinyakua kwa kuiba pembeni mwa kanga, sasa kinamwagika. Lakini Maha hutazama mwanga wa simu ameupunguza, mgongo ukutani, na nyayo za mama yake zikisikika ukumbini simu inalala kifudifudi. Anaona yote na haoni na mtu. Hakuna wa kumwambia Nahodha wake apeleke udi. Ningeweza kumpa kitu kimoja cha utoto wangu, ningempa lile zulia na wanawake wale waliotaka kwa roho zao zote Bi Buluu atoke.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya Safina. Aliniona nikimaliza chuo, nikianza kazi, nikikataa posa ya kwanza na ya pili na zilizofuata. Kila harusini shangazi na mashemegi na watu nisiowajua kabisa waliniuliza zamu yangu lini, na bado wananiuliza. Bibi hakuniuliza hata siku moja. Kila Ijumaa wajukuu tulipanga mstari kumbusu mkono naye akituombea mmoja mmoja. Salma na binamu zangu wa kike wote aliwaombea kwa maneno yale yale, Mungu akupe mume mwema. Nikifika mimi alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama kwa yale macho yake, akasema, "Mungu akupe wa kukutuliza roho."

Salma alipata wake. Mimi, huko aliko Bibi ajue, bado nasema amina.